Mhamiaji na Haki ya Zaka katika Miji ya Mlima Kenya

Katika Uislamu, ukarimu kwa mgeni una kikomo. Hadithi inaweka ugeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Zaka ni jambo jingine, kwa kuwa ni haki ya anayeipokea. Kurani, Sura At-Tawba aya ya 60, inataja mafungu manane ya wanaoistahiki, la mwisho likiwa la msafiri aliyeishiwa njiani, hata kama kwao ni tajiri.

Huko Nyeri, ambako Waislamu ni wachache, swali ni lini mhamiaji huacha kuwa msafiri. Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, Yemen, waliofuata biashara ya duka kutoka pwani hadi miji ya bara, hufuata madhehebu ya Shafii. Kwa madhehebu hayo, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena sala kama msafiri. Familia iliyokwisha kupanga nyumba na kuandikisha watoto shule ikipungukiwa, basi, inahesabiwa pamoja na mafakiri wa mji, sawa na jirani aliyezaliwa hapo.

Upande wa pili wa hukumu ni mzito zaidi. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii inakataza zaka kuhamishwa iwapo mjini wamo wanaoistahiki. Mwenye duka anayetamani kupeleka zaka yake ya asilimia 2.5 kwa jamaa walioko Tarim, Hadhramaut, anazuiwa na maskini wa Nyeri. Jamaa hao atawapelekea sadaka. Hivyo mhamiaji huwa mdai na mdaiwa wa mji uleule.

Hali ni hiyo hata msibani. Kuosha maiti, kuivika sanda (kwa kawaida vitambaa vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke), kuisalia na kuizika ni faradhi ya kifaya: isipotekelezwa, Waislamu wote wa mahali hapo wanapata dhambi. Mjane aliyekimbia vita vya Yemen juzi hajafadhiliwa kwa kuzikiwa mumewe, ametimiziwa haki.

Zaka, kwa wanazuoni wengi, ni ya Waislamu, ila sadaka huwafikia wote. Vivyo hivyo hospitali za misheni za Kikristo, ya Consolata kule Mathari, Nyeri, na ya Tumutumu karibu na Karatina, hupokea wagonjwa wa kila dini.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, nayo inampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya afya, chakula na makazi. Lakini huduma nyingi hudai kitambulisho, na Wakenya wenye asili ya Kiarabu kwa miaka mingi wamekuwa wakiulizwa hati za mababu kabla ya kukipata. Hiyo ni dhuluma ambayo zaka haiwezi kuifidia.