Nilihesabu Milango, Yesu Anahesabu Watu



Nilipofika Ujiji kwa mwaka wa kichungaji, jioni ya kwanza nilipita katikati ya mji nikihesabu milango ya maduka iliyofungwa. Nikafika kumi na moja, nikaacha. Moyoni nikasema: Bwana, falsafa yote ile, nije kuhubiria makufuli?

Mzee mmoja Mwislamu, barazani kwake, alinieleza kwamba reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara iliifuata, Ujiji ikabaki nyuma. Nikasikitika: kumbe zamani soko hili lilivuma! Akanitazama. "Lilivuma, mwanangu. Na watu waliuzwa humu humu, pamoja na pembe za ndovu."

Nikanyamaza. Soko nililokuwa nalililia lilikuwa na minyororo.

Kesho yake nilirudi, safari hii nikahesabu watu: fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama wa dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Frateri. Mbona jana ulipita bila salamu?"

Jamani, niliona aibu! Milango nilikuwa nimeiona yote, yeye sikumwona.

Yesu aliutazama Yerusalemu, mji uliojaa watu na biashara, akaulilia, kwa sababu haukutambua kwamba Mungu ameutembelea. Ujiji mimi ndiye niliyekuwa sijatambua.

Kijana, mji wako umepooza? Kabla hujaukimbia, jifunze majina matatu ya watu wake. Wasalimie, nunua kwao, kisha usiku wataje mbele za Mungu. Amina.