Kumtua Mtoto Njiani

Wazee walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii niliiimba tangu shule ya msingi bila kuionja. Nimekuja kuionja ukubwani, tena mbele ya kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika ulimwengu wa Linux kuna mikusanyo ya programu za bure, na mmoja wa ile mikongwe ni Debian, ulioanzishwa mwaka 1993. Toleo lake la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Usidhani ni kampuni, bwana. Ni watu wa kujitolea tu, waliotawanyika duniani. Aliyetunga programu ya kurekodi sauti mara nyingi ni mtu mmoja. Anayeipokea, akaifunga, akaijaribu na kuitia viraka ili ikae na wenzake ni mwingine. Huyu wa pili ndiye mlezi.

Kazi yake haiishi, maana programu hata ikikaa kimya, dunia iliyoizunguka haikai. Mwaka 2020 toleo la 10 la GCC, chombo kinachogeuza maandishi ya fundi kuwa programu, lilikaza kanuni moja, na programu nyingi za zamani zikagoma kujengwa ingawa hakuna aliyezigusa. Mwaka 2022 ikaja FFmpeg 5.0, ambayo programu kibao za sauti huitegemea kufungua mafaili. Ikaziba milango yake ya kale. Waliozoea kupita hapo wakabaki nje. Mlezi akeshe.

Mimi nilijitwika kifurushi kimoja kidogo cha kukata na kuunga sauti. Mtunzi wake alishaachana nacho zamani. Nilijiona bomba kweli. Washkaji kijiweni wakaniita Injinia. Mwaka wa kwanza nilikesha. Wa pili nikapata kibarua, nikaanza na kuandika hadithi, nikanyamaza. Taarifa za kasoro zikija, nasema kesho.

Siku moja ikaja ya mtu nisiyemjua. Alikuwa na rekodi za marehemu mama yake akisimulia ngano, na programu imekataa kuzifungua. Hakunitukana. Aliuliza tu: kuna mtu bado yupo?

Nikakosa usingizi. Nina deni gani mimi? Silipwi hata senti. Katiba ya Debian, ya mwaka 1998, yenyewe haimlazimishi mtu yeyote kufanya kazi. Mshikaji wangu mmoja akanicheka: "Cha bure hakina dhamana, ndugu yangu. Kwani alikulipa?"

Kwa sheria, ana haki. Lakini hebu fikiri, msomaji. Ukimbeba mtoto wa watu njiani kwa hiari yako, huna deni la kumbeba mpaka uzee. Ila ukishambeba, wapita njia wakiona mtoto ana mbebaji, wanapita zao. Umekwisha kuziba nafasi ya mwingine. Kwa hiyo deni langu halikuwa kubeba milele. Lilikuwa kusema, kwa sauti inayosikika, kwamba mikono imechoka.

Na wenyewe Debian walishaliona hilo. Mlezi akishindwa anaruhusiwa kutangaza kwamba kifurushi sasa ni yatima, ndivyo wanavyokiita, ili mwingine akichukue. Mwanzoni neno hilo lilinitisha. Kumbe kutangaza uyatima si ukatili, ni tendo la mwisho la ulezi. Ukatili ni jina langu kubaki mlangoni huku nyumba haina mtu.

Nikamjibu yule bwana, nikamwomba radhi. Kisha nikaandika tangazo, mistari miwili. Hazikupita wiki tatu, mtu mwingine akakichukua, akakirekebisha kwa mistari michache tu ya kiraka. Michache, jamani! Sauti ya mama wa watu ilifungiwa muda wote ule, si kwa ugumu wa kazi, bali kwa aibu yangu ya kusema nimeshindwa.

Sisi vijana wa kalamu tunapenda sana kuanzisha: jarida, kikundi cha maigizo, maktaba ya mtaa. Kuanzisha kuna makofi. Basi nakuuliza, nami najiuliza: jina lako liko kwenye milango mingapi, na ndani kuna nani?