Punje ya Mwisho ya Tasbihi

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipokuwa imekwisha kutangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina la Kenneth kilikuwa kikija kutoka upande wa Ngazija, na watu wa mwambao wa Mtwara walipokuwa wakihimizwa kuihama pwani ya chini na kutafuta mahali pa juu penye majengo madhubuti, niliketi barazani pa nyumba moja ya mjini, ubavuni mwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Msimbati, ambaye wajukuu zake walimleta pamoja na godoro, ndoo mbili, na jogoo aliyefungwa miguu. Mkono wake wa kulia ulishika tasbihi ya mbegu nyeusi, iliyong'aa kwa jasho la miaka mingi. Mbele yake, juu ya mkeka, ilikuwapo simu ya mjukuu wake, ambayo kila baada ya dakika chache ililia kama kinda la ndege lenye njaa. Kila ilipolia, mzee aliibana kwa kidole gumba ile punje aliyokuwa ameifikia, akausikiliza ujumbe hata mwisho, kisha akaendelea na uradi wake kutoka punje ile ile, bila kuruka wala kurudia. Ujumbe mmoja ulisema wimbi litapanda juu ya minara ya misikiti. Mwingine ulileta picha ya mji uliovunjika, ambao minazi yake haikufanana na minazi yetu. Wa tatu ulimtaka kila aupataye awapelekee watu 20 kabla ya magharibi, la sivyo asimlaumu mtu.

Nikamwambia, "Mwalimu, si heri umwamuru kijana aizime, upumzike?"

"Nikiizima, mwanangu," akajibu, "na lile neno la kwamba limekwisha nitalipata wapi?"

Jawabu lile limekaa nami miaka mingi kuliko hofu ya siku ile yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna mas'ala ambayo mafundi wa zama zetu, wanaotuundia vyombo vya kututuliza nyoyo, aghalabu huyapita kama mtu apitaye mlango wa jirani usiku: je, utulivu ni kitu kiwezacho kuundwa kwa mikono, au ni neema ishukayo itakako, na chombo hakina kazi ila kuipisha? Mwalimu, kama ningalimwuliza hivi, bila shaka angalinirejeza katika Sura ya Ra'd, na kunikumbusha kwamba tuo la moyo hutokana na dhikiri, wala si na bidhaa ya dukani. Walakini mkononi mwake alikuwa na chombo. Tasbihi imetobolewa kwa msumari, ikatungwa kwa uzi, ikagawanywa mafungu matatu kwa hesabu ya 33. Ni kazi ya fundi, sawa na jahazi na kufuli. Kwa hiyo hakuikataa ala. Alichagua ala ipi impe nini.

Lugha yetu, kwa bahati njema, imeyatafakari mambo haya kabla yetu. Tuna fadhaa kwa mshtuko wa ghafula, taharuki kwa msukosuko wa halaiki, jakamoyo kwa moyo usiokaa mahali pake, na wahaka kwa mtu angojaye jambo asilolijua. Lakini neno tulilolizoea kuliko yote ni wasiwasi, ambalo katika asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono. Atiaye wasiwasi, kama kila mtoto wa chuo afundishwavyo anapohifadhi sura ya mwisho ya msahafu, ni yule anong'onaye kifuani mwa mtu kisha akarudi nyuma na kujificha. Hakai aulizwe. Na huo ndio wasifu kamili wa sauti ile iliyotoka katika simu ya mjukuu, sauti ya mwanamume asiyejitaja jina, asemaye habari kubwa na asiyepatikana wa kumhoji.

Wala tusidhani kwamba simu ndiyo iliyoanza. Mwaka 1908, katika Lindi, ambayo ni jirani yetu wa kaskazini, ilizagaa barua iliyosemekana kutoka Arabuni, kwa mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ambaye alidai kuoteshwa kwamba Waislamu wengi wanakufa pasipo imani, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba kila aipataye barua ile hana budi kuipeleka mbele. Ulikuwa ni mwaka mmoja tu tangu moto wa Majimaji kuzimwa kwa damu na njaa. Watu walikuwa na misiba isiyo na idadi, na nyoyo zao zilikuwa kama nyasi za Septemba. Toba na ibada zikazidi pwani, na maofisa wa Kidachi, ambao nao walikuwa na wasiwasi wao, wakaona katika kila nakala dalili ya vita vipya, wakawakamata watu na kupekua nyumba. Barua hiyo haikuwa ya Lindi peke yake. Nakala zake zilikuwa zimekwisha kuonekana Java katika karne iliyotangulia, na mimi mwenyewe nimeipokea katika simu, Sheikh Ahmad yule yule, na njozi ile ile, isipokuwa karatasi imekuwa kioo.

Lakini iko tofauti moja ambayo naiona kuwa kubwa. Mtu wa mwaka 1908 aliyetaka kuieneza barua ile alipaswa kuketi na kalamu na wino, na kuinakili neno kwa neno mpaka mkono umchoke; na katika muda huo, kama alikuwa na akili ya kadiri, aliweza kujiuliza kama ayanakiliyo ni kweli. Uzito wa kazi ulikuwa mlinzi. Sisi tumeundiwa chombo ambacho kati ya kusikia na kueneza hakuna hata nafasi ya kumeza mate, na waliokiunda hawakufanya hivyo kwa ajali, bali kwa kujua kwamba kidole kisichopumzika ni mali. Naijua hukumu hii ni kali, wala siiondoi.

Imam Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake Ihya aliyoiweka kwa ajili ya tauhidi na tawakali, anazigawa sababu ambazo kwazo mtu huondosha madhara katika daraja tatu: iko sababu ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu, ambayo kuiacha si tawakali bali ni upumbavu, iko sababu ya dhana, kama dawa ya tabibu, ambayo aghalabu hufaa na mara nyingine haifai, na iko ya mawazo matupu, ambayo mtu huishika kwa kuwa hana kingine cha kushika. Nimeona kwamba mizani hii, iliyotengenezwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, yatosha kuvipima vyombo vyote vilivyokuwa juu ya mkeka ule. Ule ujumbe wa watu 20 ulikuwa wa daraja ya tatu, ukijivika nguo za daraja ya kwanza. Tangazo la Mamlaka lilikuwa la daraja ya pili, nalo, kwa taadhima zote, ndilo lililohitaji uangalifu mkubwa kuliko mengine, kwa maana dhana ni kitu kigumu kuwaeleza watu wenye hofu.

Yaliyotokea yajulikana. Kenneth hakupiga Mtwara. Jioni ile alipanda nchi kavu katika Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa upepo wa karibu kilomita 200 kwa saa, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira, na katika Msumbiji wakafa watu zaidi ya 40. Kwetu palivuma upepo, ikanyesha mvua, basi. Siku ya pili yake, watu waliorudi na magodoro yao vichwani walinung'unika kwamba wamedanganywa, na baadhi yao wakaapa kwamba mara nyingine hawatatoka, ilhali wazee wa Lindi waliokumbuka kimbunga cha Aprili 1952 hawakucheka hata kidogo. Hapakuwa na udanganyifu. Palikuwa na dhana iliyosikiwa kama yakini. Ndiyo maana napenda kwamba Mamlaka huzipanga tahadhari zake kwa majina yaliyotofautiana, angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, kama mtu mwaminifu asemaye "nadhani" anapodhani na "najua" anapojua. Maneno hayo matatu ni kazi ya ufundi kama ilivyo mitambo ya kupimia upepo, na pengine ni ngumu zaidi.

Katika Marekani, mwaka 1995, wataalamu wawili wa maabara ya Xerox huko California, Mark Weiser na John Seely Brown, waliandika makala juu ya ufundi wa vyombo vitulivu, wakataja mfano uliobuniwa na msanii Natalie Jeremijenko: uzi wa plastiki wenye urefu wa futi 8, ulioning'inizwa darini na kuunganishwa na waya wa mawasiliano ya kompyuta, ukawa unatetema kidogo habari zipitapo chache, na kuzunguka kwa vishindo zizidipo. Mtu aliyekuwa na shughuli zake hakuhitaji kuutazama. Aliujua kwa pembe ya jicho. Niliposoma habari hiyo nilitabasamu, kwa kuwa manahodha wa Mikindani na Msangamkuu wana kitambaa chao juu ya mlingoti, kifundishacho mambo yale yale mintarafu ya upepo, na hakuna aliyewahi kukiandikia makala. Ila wazo ni jema, nami nalikubali: chombo kitulivu ni kile kinachojua kukaa pembeni, kikaja katikati kinapohitajiwa, kisha kikarudi pembeni.

Sina ugomvi na programu za siku hizi zinazomhesabia mtu pumzi zake na kumsikilizisha mawimbi yaliyorekodiwa, ijapokuwa mkazi wa Ruvula, alalaye hatua chache kutoka mawimbi yasiyolipiwa, ana haki ya kustaajabu. Pumzi zikihesabiwa polepole moyo hutua. Hilo wenye kudhikiri walilijua, na madaktari wamelithibitisha. Hofu yangu ni nyingine. Iko daraja ya utulivu ambayo Ghazali huyo huyo angaliiita ghururi, yaani kughurika, mtu akaona raha mahali ambapo hakustahili kuiona. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, na Machi 2021 mji wa Palma, ulio upande wa pili wa mlango wa Ruvuma, ukateketezwa watu wakikimbilia baharini. Katika siku kama hizo, chombo kimwambiacho mwanamke wa kijiji cha mpakani avute pumzi na kufumba macho, bila kumwambia njia ipi iko salama, ni adui yake.

Hali kadhalika kunyamaza si kutuliza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Miaka 30 baadaye, ilipotangazwa kwamba bomba la kilomita zaidi ya 500 litaipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliuliza watabaki na nini, na palipokosekana jawabu la kueleweka, mnong'ono ukajaa mahali pake, mpaka ghasia za Januari na Mei 2013 zikachoma majengo na kuua watu. Hayo siyasemi kwa kupatiliza.

Narudi kwenye tasbihi, kwa kuwa nadhani siri yake ni nyepesi na mafundi wangeweza kuiiba bila dhambi. Tasbihi ina mwisho. Vidole vya mzee, hata gizani, hata akili yake ikiwa mbali, hufika kwenye punje kubwa yenye kishada, na hapo hujua kwamba duru imetimia, aweza kusimama aende zake. Simu haikutiwa punje hiyo. Ujumbe hufuatwa na ujumbe, na kioo hushuka chini kama kisima kisicho na sakafu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na vyombo vya baharini vya Unguja vikasitishwa, Mamlaka haikutangaza kuja kwake tu; kilipofika Mafia na kupoteza nguvu, ilitangaza pia kwamba kimekwisha. Watu wengi husifu tangazo la kwanza. Mimi nililisifu la pili, nikamkumbuka mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki.

Usiku ule wa kuamkia Ijumaa, baada ya isha, upepo ulisukuma mabati ya nyumba ya jirani yakapiga kelele kwa saa moja hivi, kisha ukalegea. Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mwanawe, aliyebaki Msimbati kulinda mashua, asemaye kwa sauti ya mtu aliyelowa kwamba bahari imetulia, nazi zimeanguka nyingi, mashua haina neno, ila jamaa wa ng'ambo hawapatikani. Mzee alimsikiliza hata mwisho, kidole gumba kikiwa juu ya punje. Akamrudishia mjukuu simu, akamwambia aizime ili isiishiwe na moto kabla ya asubuhi, akaimalizia duru yake, akaanza nyingine kwa ajili ya wale wa ng'ambo. Nilipoinuka kuaga alikuwa ameifikia punje kubwa. Akanyoosha miguu, akauliza kama jogoo amepewa maji.