Ukivuka, Umemwacha Nani?



Mtu akibadilika ili apendwe na wengi, je, amewasaliti waliompenda kwanza?

Swali hili lilimkuta Dolly Parton wa Tennessee, Marekani, mmoja wa watoto 12, aliyekulia katika umaskini milimani. Mwaka 1977, akiwa tayari nyota wa muziki wa kantri, alitoa "Here You Come Again", wimbo wenye ladha ya pop. Baadhi ya mashabiki wa zamani wakanung'unika: huyu katuacha! Hata yeye aliliogopa hilo, akaomba gitaa la stili, lile la kantri, liongezwe kwenye wimbo.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sawa, lakini asili ni nini? Ni mdundo tu? Mimi naona asili ni watu. Kutaka wasikilizaji zaidi si dhambi. Dhambi ni kuwaonea aibu waliokulea, na hilo halijulikani siku unapovuka. Linajulikana baadaye.

Mwaka 1995 Dolly alianzisha mpango wa kuwapa watoto wadogo vitabu bure, akianzia Sevier, kaunti ya kwao. Sababu? Baba yake hakujua kusoma. Angeweza kuificha habari hiyo. Aliisema wazi, ikawafaa watoto wa wengine.

Basi wewe uliyehamia mjini, ukabadilisha mtindo, lafudhi na marafiki, sikulaumu. Nakuuliza tu: bibi kule kijijini ulimpigia simu lini? Jijibu leo, kabla ya sala ya usiku.