Kulala Chini kwa Hiari

Wavuvi wa Unguja na Pemba wanalo neno ambalo kamusi hulieleza kwa ufupi kuliko linavyostahiki: dago. Ni kambi ya muda ya wavuvi walioiacha miji yao kufuata samaki, wakajenga vibanda kwenye ufuo wa watu wengine, wakakaa hapo bamvua baada ya bamvua mpaka msimu uishe. Mwenye kwenda dago hulala mchangani, hupikia kuni alizoziokota, na maji matamu huyahesabu kwa kata. Hakuna aliyepata kuiita hali hiyo burudani, ingawa wazee wakizikumbuka dago za ujana wao nyuso zao hukunjuka, na anayewasikiliza huona kwamba kuna kitu walikipata huko ambacho nyumba za mawe hazikuwapa.

Kitu hicho ndicho kinachotafutwa na msafiri wa leo anayelipa ili akalale porini kando ya mto. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina maeneo yaitwayo kambi maalumu, na jina hilo lina kichekesho ndani yake, kwani umaalumu wenyewe ni kukosa: hapana bomba, hapana choo, hapana taa. Mgeni huja na maji yake, kuni zake na chakula chake, na huondoka na taka zake. Ada ya mahali hapo ni kubwa kuliko ya kambi ya kawaida yenye vyoo na mabanda ya kupikia. Kwa maneno mengine, kadiri mtu anavyopewa kidogo ndivyo anavyolipishwa zaidi, na wala halalamiki, maana anajua alichokifuata. Usiku husikiliza viboko wa Mto Grumeti, na asubuhi hutembea kwa miguu nyuma ya askari mwenye bunduki.

Mwenye kutoka Dodoma kwa gari kulielekea lango la magharibi la hifadhi hiyo, lile la Ndabaka, hupita Shinyanga, na baada ya Shinyanga hupita Maganzo. Ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Kishapu, na jirani yake ni mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Huko ndiko lilikotoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5 alilozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, alipoolewa. Pembezoni mwa utajiri huo wako wachimbaji wadogo wenye sururu na chekeche. Wengi wao, msimu wa kazi ukifika, hulala kwenye mashamba ya kokoto chini ya turubai. Hapana bomba, hapana choo, hapana taa.

Basi hapa pana swali, nalo si la utalii. Watu wawili wamelala juu ya ardhi ile ile ngumu, chini ya nyota zile zile, mbu wakiwauma sawasawa. Mmoja anasemwa kuwa yuko mapumzikoni, na mwingine kuwa yuko katika dhiki. Ni nini hasa kinachowatenganisha?

Jibu la haraka ni fedha, na jibu la haraka halitoshi. Tajiri aliyekwama njiani gari likaharibika, akalala porini bila ya kupenda, hayuko mapumzikoni hata akiwa na mamilioni benki. Wengine watasema ni hiari, na hapo tumekaribia. Lakini mchimbaji naye, ukimuuliza, hatakubali kwamba aliburutwa. Aliliacha jembe kwao kwa akili zake timamu, kwa kuwa jiwe moja laweza kumjengea nyumba. Alichagua kuja. Asichoweza kukichagua ni lini aondoke. Hema la mgeni lina mlango wa nyuma usioonekana: gari limeegeshwa, tiketi ya kurudi imekatwa, kitanda kinamngoja. Turubai la mchimbaji halina mlango huo. Na zaidi ya hayo, mgeni hawezi kuambiwa ondoka kabla ya usiku wake aliolipia kwisha, hali mchimbaji aweza kufukuzwa saa yoyote.

Je, hiyo ina maana kwamba ugumu wa kujitakia ni uongo, mchezo wa kuigiza umasikini? Msomaji wa Visiwani asiharakishe kusema ndiyo. Kila mwaka, kwa mwezi mzima, mji mzima hukaa na njaa ya kujitakia, na aliyefunga anajua fika kwamba jua likizama futari iko mezani. Njaa hiyo nayo ina mlango wa nyuma. Hakuna mwenye akili aliyesema kwa hivyo saumu ni maigizo. Ila saumu haikuachwa peke yake. Imefungamanishwa na zakatulfitri, na yule aliyeonja njaa hatoki katika mwezi huo mpaka amtoe mwenye njaa kitu. Kulala porini hakukufungamanishwa na chochote. Mtu hurudi mjini na picha na wepesi wa moyo, na hesabu yake imekwisha.

Wepesi huo ndio wenye hatari kuliko udanganyifu wowote. Usiku wa tatu bila ya umeme humfundisha mtu jambo la kweli, kwamba mahitaji yake ni machache mno kuliko alivyodhani. Ni somo adhimu. Lakini ni habari ya nafsi yake tu. Akilibeba somo hilo akapita nalo Maganzo akirudi, akayatazama maturubai yale na kusema moyoni kwamba watu hawa nao hawahitaji mengi, na huenda wana furaha kutuzidi, basi ameugeuza ukweli alioupata kuwa dhuluma. Maneno hayo husemwa kila siku, na wanaoyasema si watu wabaya.

Ipo pia bunduki, ambayo mazungumzo ya namna hii hupenda kuisahau. Ile inayomtangulia mgeni asubuhi humkinga na nyati. Lakini mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kupelekwa upande wa Ngorongoro, na tangu hapo kuonekana mle bila ya kibali ni kosa. Mwadui nako kuna mpaka wake. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds ya Uingereza, yenye hisa nyingi mgodini wakati huo, ilitangaza kufikia makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila ya kukiri dhima, na watu 71 waliodai kwamba walinzi waliwapiga, waliwajeruhi au waliwaua jamaa zao ndani ya eneo la mgodi. Fedha hizo zilijumuisha gharama za mawakili na miradi ya wanavijiji. Wengi waliingia kutafuta almasi. Mtu mmoja hulindwa na bunduki kwa kuwa yumo ndani ya mpaka, na mwingine huelekezewa kwa sababu hiyo hiyo.

Shinyanga yenyewe, hata hivyo, inajua njia nyingine ya kukaa na pori. Katika miaka ya 1920 vichaka vyake vilifyekwa na maelfu ya watu ili kumfukuza mbung'o, kwa uongozi wa Charles Swynnerton, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika (historia nayo ina utani wake). Nchi ikakauka hata ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliokwenda mpaka 2004, na ukafanikiwa pale ulipoacha kuleta miche kutoka nje ukaufufua utaratibu wa Wasukuma wa ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua, hufunguliwa kiangazi majani yakiwa adimu, na miti hurudi yenyewe kutoka kwenye visiki. Kanuni huwekwa na wale wale itakaowauma, na mwenye kuivunja hujibu mbele ya baraza la jadi, dagashida. Mchunga anayelala ndani ya ngitili kiangazi si mgeni wala si mvamizi. Wala hana haja ya kueleza amefuata nini.

Kulipopambazuka mgeni wa Grumeti hukunja hema, akatazama nyuma kuhakikisha kwamba hakuacha hata kijiti cha kibiriti, kama alivyoagizwa. Maganzo, saa hiyo hiyo, mchimbaji huliacha turubai lake limesimama, na ndani huweka ndoo na shati, ili anayepita ajue kwamba mahali pale pana mtu.