Kiasi ni cha Nani?

Mtu akinywa, akalewa, akaanguka njiani akafa, hatia ni ya nani? Swali hili ni kongwe, na wengi hudhani kuwa lina jibu jepesi. Mwenye baa husema ni ya mnywaji, maana hakuna aliyemshika kinywa. Mhubiri husema ni ya pombe yenyewe, kana kwamba kitu kisicho na roho chaweza kutubu. Hakimu huuliza kama mwuzaji alikuwa na leseni, na kama saa ya kufunga ilikuwa imepita. Akijibiwa vyema hufunga daftari lake. Mimi nilizaliwa katika kilima kimoja cha Muleba, ambako swali hili si la vitabuni, na majibu haya matatu sijapata kuyaona yakimtuliza mtu yeyote matangani.

Msomaji asiyeijua nchi yetu aniruhusu nimweleze kwanza kinywaji chetu. Wahaya wa Bukoba na Muleba huishi ndani ya migomba. Nyumba imo katikati ya kibanja, na kibanja kina migomba ya aina mbalimbali: ipo ya ndizi za kupika, ambazo ndizo chakula hasa, na ipo ya ndizi kali zisizofaa sufuriani, ambazo ni za pombe. Mikungu hii hukatwa ikiwa mibichi, ikaivishwa kwa joto kwa siku kadhaa. Kisha ndizi hutiwa katika gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi wa ziwani, pamoja na nyasi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu mpaka maji matamu yajitenge. Maji hayo huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake huwa rubisi. Lakini rubisi haikai. Baada ya siku mbili tatu huchachuka, na aliyeichelewa hana budi kuimwaga. Namwomba msomaji aliweke neno hili moyoni, kwa kuwa nitalirudia.

Desturi ilikuwa kwamba mwenye pombe aonje kwanza. Alimimina kidogo, akanywa mbele ya mgeni, ndipo akampa mgeni kibuyu. Watu husema kuwa hii ilikuwa dhamana dhidi ya sumu, na ni kweli; watu wa zamani walikuwa na maadui kama sisi. Walakini mimi naona katika kitendo hicho neno kubwa zaidi ya sumu. Yule aonjaye husema pasipo kusema: kitu ninachokitia katika mwili wako nimekwisha kukitia katika mwili wangu. Mkono utoao na kinywa kipokeacho vilifungwa pamoja kwa tone lile dogo.

Hata hivyo desturi hii nzuri ina upungufu ambao wasifu wake huupita upesi. Hukithibitisha kikombe cha kwanza. Kikombe cha saba hakuna akionjaye.

Ni nini basi kilichowazuia babu zetu wasikifikie kikombe cha saba kila siku? Wazee hujibu kuwa ni adabu. Nawaheshimu wazee, lakini katika jambo hili siwasadiki. Bibi yangu, aliyekuwa hana sababu ya kuwasingizia wanaume wa ujana wake, aliniambia kuwa ndizi zilipokuwa tele walilewa barabara, wakapiga wake zao barabara vilevile. Kilichowazuia ni ndizi. Mkungu ulihitaji siku za kuiva, gogo lilihitaji wanaume wa kukanyaga, na mtungi ukiisha ulikuwa umekwisha. Tena mtungi wenyewe ulikuwa na wadai wengi. Sehemu ilikuwa ya wahenga, sehemu ya wakubwa wa ukoo, na sehemu ilipelekwa kwa Mukama, mtawala wa nchi, mpaka nguvu za watawala hao zilipoondolewa na sheria mwaka 1963. Robert Carlson, mtaalamu wa Kimarekani aliyeandika mwaka 1990 juu ya pombe ya ndizi ya Bukoba, aliifungamanisha na mambo mawili: kupeana na kuwatambikia wahenga. Basi kitu kigawanywacho kwa walio hai na waliokufa hakimfikii mtu mmoja kwa wingi. Kiasi kilikuwamo mtungini. Tusiwasifu babu zetu kwa wema uliofanywa na ndizi.

Leo mambo ni mengine. Ingia katika baa ya Kashai au Hamugembe mjini Bukoba jioni ya mwisho wa mwezi. Kreti likiisha hufuata kreti. Bia ya chupa haichachuki kesho, gongo haichachuki kabisa, na hapana mhenga anayengoja fungu lake. Pombe imeachana na mwisho wake. Serikali yenyewe iliona hatari ya jambo hili ilipopiga marufuku pombe za viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Kifuko kile kidogo kilikuwa kimeiondoa hata aibu ya kuonekana na chupa, na mtoto wa shule aliweza kukificha katika soksi. Lakini kifuko kikiondoka chupa hubaki. Kama kiasi kimetoka mtungini, sharti kikae mahali pengine; na mahali pengine ni katika mtu. Katika mtu gani?

Hapa sina budi kusimulia habari ya nyumbani kwetu, ijapokuwa si ya kujivunia.

Mama yangu mdogo alifiwa na mume hali hana mtoto wa kiume. Alirudi kwa baba yake akapewa pembe ya kibanja alime na kula. Kuiuza hakuweza. Kanuni za mirathi za Kihaya, kama zilivyotangazwa na serikali mwaka 1963, zilimpa mwanamke haki ya kuitumia ardhi ya ukoo pasipo haki ya kuiuza. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliiuza ardhi aliyorithi kwa wasia wa baba yake, na Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, huko huko Muleba. Shauri lilipanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu kuwa ubaguzi ule haupatani na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Hukumu hiyo ni fahari ya wilaya yetu, wala sijui kwa nini haisimuliwi mashuleni. Lakini kwa mama mdogo ilichelewa. Alikuwa amekwisha kutafuta njia yake katika ndizi: hakuweza kuiuza ardhi, akauza maji yake.

Alikuwa mwanamke mwenye akili. Alikata mikungu kwa zamu, ya Jumatatu, ya Alhamisi na ya Jumamosi, akaajiri vijana wawili wa kukanyaga, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wanaume, na hivyo rubisi haikukosekana kwake siku yoyote. Kwa werevu wake aliushinda ule ufupi wa maisha wa pombe nilioutaja juu. Desturi ya kuonja hakuiacha. Kila kibuyu alikionja mbele ya mnunuzi, ingawa mnunuzi amelipa. Fedha aliyoipata ilinisomesha mimi, mwana wa dada yake, shule ya sekondari. Daftari zangu zilitoka mtunguni mwake. Sikuona haya kwa hilo, wala sioni.

Masika mmoja wa miaka ya 1980 mwashi mmoja wa kijiji chetu alikunywa kwake tangu alasiri hata usiku. Alikuwa amelipwa siku ile ujira wa ukuta alioumaliza. Alipoondoka mvua ilikuwa ikinyesha. Asubuhi alionekana amelala kifudifudi katika mfereji wa kando ya njia, na maji ya mfereji ule hayakufika hata magotini. Mwanawe wa kwanza alikuwa darasa moja nami. Baada ya maziko alinijia nyuma ya nyumba akaniuliza, bila hasira, "Mama mdogo wako alimwuzia vibuyu vingapi?" Nikajibu, "Sijui, ndugu yangu." Nilijua. Mimi ndiye niliyehesabu fedha usiku ule.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo nikitafuta mtu wa kunijibia. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, asema kuwa mlevi ana hatia kwa kuwa chanzo kimo ndani yake: angaliweza asilewe. Ataja pia kwamba watunga sheria walimpa mlevi adhabu mara mbili, na mahali pengine ataja kuwa sheria hiyo ilikuwa ya Pittacus wa Mytilene. Maneno haya ni ya haki kwa kikombe cha kwanza, pengine cha pili na cha tatu. Lakini yule mwashi alipokiomba kikombe cha saba, mwenye uwezo wa kuchagua alikuwa amekwisha kuondoka, na aliyebaki akinyosha mkono ni kiu yake. Plato aliona mbali zaidi. Katika kitabu chake cha Sheria asema kuwa karamu ya ulevi yahitaji kiongozi asiyelewa, kama jeshi lihitajivyo jemadari asiye na hofu.

Basi katika kilabu cha pombe, usiku, nani hajalewa? Ni yule amiminaye. Akili iliyosalia chumbani ni yake. Kwa sababu hii, si kwa sababu amezidi wengine kwa ubaya, nasadiki kuwa kiasi kilichotoka mtungini kimehamia kwake. Haki hufuata uwezo: asiyeweza kuona hatudai kwake macho. Kuonja kwa mama mdogo kulikuwa kweli, lakini kulikuwa kweli nusu. Alijibu kwa kilichomo kibuyuni, hakujibu kwa idadi ya vibuyu.

Najua nitakavyopingwa. Mtu atasema, mwamuru basi mhudumu wa baa amnyime mteja bia ya saba. Binti huyo ametoka kijijini, mshahara wake ni mdogo, tajiri wake humpima kwa chupa alizozitoa, naye mlevi anayenyimwa ana ngumi. Twamtwika mzigo wa jamaa nzima mtu aliye dhaifu kuliko wote waliomo. Pingamizi hili ni zito, nami silijibu kwa wepesi. Nasema tu kwamba udhaifu wa mchukuzi haugeuzi uzito wa mzigo. Huonyesha kuwa wako wengine walioukwepa. Tajiri aliyelala nyumbani kwake anamimina kwa mkono wa binti yule. Nami niliyekuwa nikihesabu fedha kwa taa ya kibatari nilikuwa namimina pia. Kiasi kina gharama, na mtu amwambiaye mwuzaji "acha kuuza" bila kuuliza ni nani atakayelipa, amesema maneno ya bure.

Mama mdogo hakusoma Plato. Baada ya maziko yale aliendelea kuuza, maana hakuwa na njia nyingine. Ila jambo moja lilibadilika, nami ndimi niliyeligundua. Mtu akifika mahali fulani katika kunywa, mahali alipopajua yeye kwa kumtazama macho, alimwambia, "Imekwisha, waitu." Wanaume walinung'unika, wakainuka, wakaenda zao wangali wakitembea wima. Nyuma ya mlango ilisimama mitungi miwili imejaa. Siku ya tatu aliibeba yeye mwenyewe alfajiri, akaimwaga chini ya migomba, rubisi iliyochachuka, harufu yake ikajaa kibanja chote. Mwanamke huyu aliyejifunza kuushinda mwisho wa pombe alikuwa anaurudisha kwa uongo.

Muhula uliofuata nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nilifika jioni, nikamkuta akiosha vibuyu. Hakuniuliza kwa nini nimerudi. Nami nilijua fedha yangu imemwagwa wapi, nikaenda kulala bila kumsalimu, nikamkasirikia kwa muda mrefu.