Kuucheka Uongo na Kuukataa Uongo

Leo tulitazame ulizo moja ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini ndani lina uzito. Ulizo lenyewe ndilo hili: mtu akiigiza maneno ya mwongo kwa nia ya kumcheka, je, amekwisha kuukataa uongo? Wengi watajibu upesi: "Ndiyo, maana amecheka." Tusiharakishe. Kucheka ni jambo moja, kukataa ni jambo jingine. Ili tuyaone vema mambo hayo mawili, tuchukue kwa mfano mchezo mmoja wa video unaochezwa na vijana wengi wa dunia siku hizi.

Mchezo huo huitwa Helldivers 2. Uliundwa na kampuni Arrowhead ya mji wa Stockholm, katika nchi ya Uswidi, ukatolewa na kampuni Sony mwezi wa Februari 2024. Katika majuma 12 ya kwanza zilinunuliwa nakala milioni 12. Mchezaji huketi mbele ya kioo, akishika mikononi chombo kidogo chenye vifungo, naye humwongoza askari wa kubuniwa katika vita vya nyota na sayari. Wenzake, ambao pengine wako nchi za mbali, hupigana pamoja naye kwa njia ya intaneti. Vita hivyo ni vya wachezaji wote: sayari ikikombolewa, imekombolewa kwa wote, ikipotea, imepotea kwa wote.

Sasa tuiangalie serikali inayowatuma askari hao. Dunia yao huitwa Super Earth, maana yake Dunia Iliyo Kuu. Neno "uhuru" halikauki midomoni mwa wakubwa wake, wala neno "demokrasia". Lakini yatazameni matendo yao.

Kwanza, raia hachagui mtu kwa kura yake mwenyewe. Hujibu maulizo kadhaa, na mashine humwamulia ni nani angependa kumchagua.

Pili, mume na mke wakitaka kupata mtoto, sharti kwanza wapewe karatasi ya ruhusa.

Tatu, askari hufundishwa kwa dakika chache tu, huvikwa joho mabegani, na kuambiwa kwamba yeye ni shujaa kupita wengine wote. Kisha hulazwa katika baridi kali ndani ya chombo cha angani, kama samaki anayetunzwa katika barafu. Akifa, mwingine hushushwa mara moja mahali pake, wala hakuna aulizaye jina la yule aliyetangulia.

Nne, mmoja wa maadui ni wadudu wakubwa, ambao serikali yasema wanauchukia uhuru. Kumbe miili ya wadudu hao hutoa mafuta yaendeshayo vyombo vya serikali, na ni watu wenyewe waliokuwa wakiwafuga kwa ajili ya mafuta hayo, kabla hawajatoroka. Mafuta hayo huitwa E-710. Maandishi hayo ukiyapindua juu chini, yafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya mafuta.

Mmeona basi. Waliotunga mchezo huu hawakumweka mzee mwenye hekima asimame na kusema, "Enyi vijana, serikali hii yawadanganya." Waliyaacha maneno ya kujisifu yasikike kwa sauti kubwa, wakaweka ukweli kando yake, pasipo kuunyoshea kidole. Hiyo ndiyo njia ya dhihaka: kumwachia mwongo aseme mpaka maneno yake yamwangushe mwenyewe. Njia hii si mbaya. Tena ina faida, maana mtu aliyeugundua uongo kwa akili yake huukumbuka kuliko yule aliyeonywa tu.

Lakini njia hii yamtegemea sana msikilizaji. Mwaka 1997 ilitokea sinema iitwayo Starship Troopers, inayofanana mno na mchezo huu: askari vijana, wadudu wa sayari za mbali, na matangazo ya serikali ya kuwaita watu vitani. Aliyeiongoza ni Paul Verhoeven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye alipokuwa mtoto aliona kwa macho yake nchi yake ikikaliwa na jeshi la Wajerumani wa Hitler. Aliikusudia sinema hiyo iwe dhihaka juu ya utawala wa namna ile. Hata hivyo, baadhi ya waandishi wa magazeti ya Marekani walidhani kwamba anausifu. Ikiwa watu wenye elimu, ambao kazi yao ni kupima sinema, walikosa kuona, je, kijana wa miaka 14 hataweza kukosa?

Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Na usaha hauji kwa siku moja. Wachezaji huanza kwa kuyarudia maneno ya serikali ile ya kubuniwa. Hupigiana saluti, huitana wasaliti wa demokrasia, nao hucheka. Hapo hakuna kosa. Lakini ulimi uliozoea kutamka neno hulifundisha sikio kulizoea, na sikio lililozoea neno halishtuki tena. Siku moja mtu halisi, mwenye jeshi halisi, atalitamka neno lile lile pasipo mzaha wo wote, na msikilizaji atatabasamu kana kwamba bado yumo mchezoni.

Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi wa Julai 1993. Vijana waliipenda kwa muziki wake, na kwa watangazaji wake waliojua kuchekesha. Redio hiyo iliwaita Watutsi mende. Mwaka 1994 neno hilo, lililokuwa likitajwa kati ya wimbo na kicheko, lilikuwa limekwisha kuwaondolea watu jina la utu, na mamia ya maelfu wakauawa. Yeye aliyecheka na redio ile pengine hakumchukia jirani yake siku ya kwanza. Lakini hakumkatalia mtangazaji pia, na ukimya wake ulihesabiwa kuwa ndiyo.

Hapo wengine watasema: "Mwalimu, wadudu wa mchezo ni picha tu. Anayewapiga hamdhuru mtu." Ni kweli, nami sisemi kwamba kucheza ni dhambi. Anayepiga picha ya mdudu hajamwua mtu. Ninalouliza ni hili: akili ya mchezaji imelala au iko macho?

Kuna jambo moja lililotokea katika mchezo huo mwezi wa Juni 2024, nalo lafaa kukumbukwa. Wachezaji waliambiwa wachague mojawapo ya sayari mbili. Wakiikomboa ya kwanza, wangepata mabomu mapya ya kutega ardhini, ya kuvunjia vifaru, silaha ya kuwafaa wote. Wakiikomboa ya pili, iitwayo Vernen Wells, wangewaokoa watoto waliokuwa katika hospitali ya watoto wagonjwa. Wachezaji wakaiacha silaha, wakaenda kuwaokoa watoto.

Watoto wale walikuwa wa kubuniwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama. Tena aliyetoa amri ile ni serikali ile ile ya uongo, na kila mwongo hupenda kujificha nyuma ya watoto wagonjwa. Lakini jambo halikuishia mchezoni. Kampuni Arrowhead ikatoa dola 4,311 kwa shirika Save the Children, lenye kuwasaidia watoto wa kweli. Hapo twaona mwanzo wa tofauti tuliyokuwa tukiitafuta. Watu walicheka na kucheza, lakini walijua mchezo unaishia wapi na binadamu anaanzia wapi.

Basi tujiwekee kipimo, ninyi mnaojifunza na mimi ninayefundisha, maana maneno ya kujisifu na ya kuchochea hutufikia sote, kwa redio, kwa simu, na katika mikutano ya hadhara. Tukisikia maneno makubwa, tujiulize: Ni nani atapata mafuta, yaani faida, nikiyaamini maneno haya? Ni nani ananyang'anywa jina la mtu na kupewa jina la mnyama au la mdudu? Na la mwisho, ambalo ni gumu kuliko yote: mtu akiniuliza mbele ya wenzangu, je, naweza kusema wazi, bila kucheka, kwamba huu ni uongo?

Yeye anayeweza kusema hivyo, na acheke apendavyo; kicheko chake hakina sumu. Asiyeweza, kicheko chake ni mahali pa kujificha tu. Leo amejificha asiamini, kesho atajificha asishtakiwe na dhamiri yake.

Maulizo ya kukumbuka:

Ulizo: Dhihaka ni nini?
Jibu: Ni kuyaiga maneno ya mwongo ili ubaya wake uonekane.

Ulizo: Je, dhihaka ni vibaya?
Jibu: Si vibaya, ikiwa aigizaye na asikiaye wote wawili wako macho.

Ulizo: Twawezaje kujua kwamba mtu ameukataa uongo?
Jibu: Akiulizwa, husema wazi kwamba ni uongo, hata pale ambapo hakuna anayecheka.